Mwanafunzi wa habari asiache mbachao

Kila mwaka katika vyuo vikuu vyetu huja msimu ambapo wanafunzi wa taaluma ya habari na mawasiliano hutakiwa kuwasilisha mapendekezo ya utafiti. Na kila mwaka, mada zinazoletwa mbele ya wahadhiri hufanana kama shilingi kwa ya pili. "Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana nchini Kenya." "Nafasi ya vyombo vya habari katika maendeleo ya taifa." "Mchango wa redio katika kudumisha amani." Ukiyafuta majina ya waandishi na mwaka wa kuhitimu, ni muhali kuitenga tasnifu ya huyu na ya yule.

Sisemi kwamba mambo hayo hayana uzito. Vijana, maendeleo na amani ni mambo yanayomgusa kila Mkenya. Tatizo ni kuwa mada za namna hiyo hazijafikia kiwango cha swali. Ni vichwa vya hotuba. Hebu tuichambue ile ya kwanza. Mitandao ya kijamii ni ipi? Mazungumzo ya siri ya WhatsApp baina ya jamaa wanane hayafanani hata chembe na video ya TikTok inayotazamwa na umma. Vijana ni akina nani? Je, ni mvuvi wa Lamu mwenye umri wa miaka thelathini, au msichana wa kidato cha nne mjini Eldoret? Athari zipi: za masomo, za usingizi, za siasa au za lugha? Na Kenya nzima itafikiwaje na mtu mwenye nauli ya matatu na muda wa miezi michache?

Haiwezi kufikiwa. Kwa hiyo mwanafunzi huyo huandaa hojaji, akawagawia wenzake mia moja aliowakuta mkahawani chuoni, kisha akahitimisha kwamba vijana wa Kenya wameathiriwa na mitandao kwa njia nzuri na kwa njia mbaya. Jibu hilo lilikuwa linajulikana kabla swali halijaulizwa. Miezi imepotea, karo imelipwa, na elimu ya taifa haikuongezeka hata kwa punje moja.

Ninaloshikilia katika makala haya ni hili: mada bora ya utafiti wa vyombo vya habari ni ile yenye mipaka inayoonekana, iliyo karibu na mtafiti, na ambayo yeye ana nyenzo ya kuijibu ambayo wengine hawana. Kwa wengi wa wanafunzi wetu, nyenzo hiyo ni lugha. Cha kusikitisha ni kuwa lugha hiyo ndiyo wanayoivua na kuiacha nje, kama viatu vya matope, wanapoingia maktabani.

Kwa nini mwanafunzi aikimbilie bahari ilhali hana mtumbwi? Sababu ya kwanza ni hofu. Mada pana huonekana kuwa na usalama kwa kuwa halikosekani la kuandikwa. Mada yenye mipaka humtia wasiwasi: je, kurasa zitajaa? Sababu ya pili ni vitabu. Vingi vya nadharia ya mawasiliano vilivyomo maktabani mwetu viliandikwa Marekani na Uingereza, kwa mifano ya magazeti na runinga za huko. Anayesoma kabla ya kusikiliza huishia kutafuta nchini mwake kile kilichokwisha kuonwa kwingine. Sababu ya tatu ni lugha ya masomo yenyewe. Taaluma hii aghalabu hufundishwa kwa Kiingereza, na tasnifu zake huandikwa kwa Kiingereza. Basi humjia mwanafunzi fikra kwamba gazeti la Kiingereza ndilo gazeti, na kwamba redio anayoisikiliza nyanya yake alfajiri kwa Kikamba au Kidholuo ni kelele za nyumbani zisizostahili kuandikiwa tasnifu.

Ajabu ni kuwa nadharia hizo anazozinukuu kwa heshima kubwa hazikutokana na mada pana. Mnamo mwaka 1965, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge walichapisha makala ambayo hadi leo hayakosi kutajwa panapojadiliwa kinacholifanya tukio liwe habari. Je, walichunguza habari za ulimwengu mzima? La. Walichukua magazeti manne ya kwao Norway, wakatazama yalivyoripoti migogoro mitatu: ya Kongo, ya Kuba na ya Saiprasi. Magazeti manne, migogoro mitatu. Kutokana na hayo wakauliza kwa nini matukio mengine huvuka mipaka na kuwa habari, huku mengine yakifia kijijini.

Mwaka 1968, wakati wa uchaguzi wa urais nchini Marekani, Maxwell McCombs na Donald Shaw walifanya utafiti katika mji wa Chapel Hill, walikokuwa wakifundisha. Waliwahoji wapigakura mia moja tu, wale ambao walikuwa bado hawajaamua watampa nani kura. Waliwauliza ni masuala gani waliyoyaona kuwa mazito, kisha wakalinganisha majibu na masuala yaliyopewa uzito na vyombo vya habari vilivyoufikia mji huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972, na kutokana nayo ikasimama nadharia ya kupanga ajenda, ambayo hakuna mwanafunzi wa habari asiyeikariri. Watafiti hao hawakwenda mbali na mlango wa afisi zao.

Mfano wa tatu unanigusa zaidi kwa kuwa unatoka katika isimu, uwanja wangu. Katika miaka ya sabini, Allan Bell aliwachunguza wasomaji wa taarifa za habari mjini Wellington, New Zealand. Wasomaji walewale walikuwa wakisoma habari katika idhaa mbili, moja ya kitaifa na nyingine ya wasikilizaji wa kawaida wa mjini. Bell alihesabu jambo dogo mno: namna walivyoitamka sauti "t" inapokuwa katikati ya irabu. Akagundua kwamba kinywa kilekile, katika jengo lilelile, hubadilisha matamshi kulingana na idhaa. Mwaka 1984 akaeleza kwa nini: msemaji huushona usemi wake kwa kipimo cha msikilizaji. Sauti moja ilizaa nadharia inayotumika kote duniani.

Msomaji mpenzi, turejee sasa nyumbani tuone tulicho nacho. Tangu mwaka 2000, Kameme FM ilipoanza kutangaza kwa Kikikuyu, redio za kibinafsi za lugha za kiasili zimeenea nchini. Kampuni moja, Royal Media Services, ina Radio Citizen kwa Kiswahili na pia Inooro FM kwa Kikikuyu, Ramogi FM kwa Kidholuo na Musyi FM kwa Kikamba. Mmiliki ni mmoja, lugha ni nyingi. Je, kuna maabara ya isimu na ya uanahabari iliyo bora kuliko hiyo? Bell alikuwa na idhaa mbili za lugha moja. Sisi tunazo idhaa kadhaa za lugha mbalimbali chini ya dari moja.

Chukua habari moja tu. Kila mwezi, tarehe 14, mamlaka inayosimamia kawi, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta. Bei ikiongezeka, msomaji wa habari anaweza kusema kwa Kiswahili, "bei ya mafuta imepanda." Katika sentensi hiyo bei imejipandia yenyewe kama mzabibu, wala hakuna wa kuulizwa. Anaweza pia kusema, "bei ya mafuta imepandishwa." Sasa yuko aliyeipandisha, ila amefichwa na kauli ya kutendwa. Au anaweza kusema, "EPRA imepandisha bei ya mafuta," na mtendaji akasimama hadharani. Vitenzi hivyo vitatu vina mzizi mmoja, lakini vinagawa lawama kwa njia tatu. Je, habari hiyohiyo inapofika Ramogi au Musyi, mtendaji hutajwa, hufichwa au huondolewa kabisa? Hilo ni swali. Lina tarehe, lina idhaa, lina sentensi zinazohesabika. Linaweza kujibiwa na mwanafunzi mmoja mwenye simu ya kunasia sauti, mradi awe anaijua lugha ile kwa undani. Profesa wa Chapel Hill hawezi kulijibu. Mtoto wa Machakos anaweza.

Au tuangalie tafsiri. Habari nyingi zinazosomwa kwa Kiswahili nchini huwa zimeandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha zikafasiriwa haraka kabla ya saa moja ya jioni kugonga. Katika haraka hiyo misemo mingi ya kigeni imevishwa kanzu na kutembea kama wenyeji. Ule wa "mwisho wa siku", kwa maana ya hatimaye, ni mmojawapo. Mzee wa Mambasa au wa Siyu angeambiwa "mwisho wa siku" angetazama nje kuona kama jua limetua. Je, msemo huu uliingia lini katika magazeti yetu ya Kiswahili? Ulianzia kwenye kurasa za siasa au za michezo? Ulianza kama nukuu ya mwanasiasa, au kama kauli ya mwandishi mwenyewe? Atakayelijibu swali hilo atakuwa ametuonyesha njia ambayo afisi ya habari huipitia katika kuibadilisha lugha ya taifa. Magazeti ya zamani yapo ya kulinganishia. Baraza, kwa mfano, lilianza kuchapishwa mwaka 1939, na nakala za magazeti makuukuu hutunzwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa na katika maktaba ya McMillan jijini Nairobi.

Kuna pia mambo yaliyo hatarini kupotea. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alianza kipindi chake "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966. Kwa miongo mingi Wakenya waliketi karibu na redio kusikia ni tabia ipi ya kiungwana na ipi si ya kiungwana. Dhana ya ungwana ina historia ndefu na nzito katika miji ya pwani, ambako iliwahi kutenganisha mwenyeji na mgeni, huru na mtumwa. Ilipopita katika redio ya taifa ikawa na maana gani kwa Mkenya wa Kakamega au wa Embu? Hapo pana tasnifu, tena yenye kusomeka. Lakini ni lazima ziwepo kanda, na kanda hazimsubiri mtu.

Hapa ndipo ninapofikia kiini cha jambo, nacho si cha kimasomo tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi yetu iliingia katika umwagaji damu ambao, kwa mujibu wa tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, uliua watu 1,133. Ripoti ya tume hiyo, iliyotolewa Oktoba 2008, ilizitaja baadhi ya redio za lugha za kiasili katika maelezo yake ya namna chuki ilivyochochewa. Baadaye mtangazaji wa KASS FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague, pamoja na William Ruto. Kesi ilianza Septemba 2013, na tarehe 5 Aprili 2016 majaji, kwa wingi wa kura, waliyaondoa mashtaka dhidi ya wote wawili. Simlaumu mtu hapa. Ninachotaka msomaji akione ni aina ya ubishi uliokuwepo: ni maneno gani hasa yaliyotamkwa hewani kwa Kikalenjin, na msikilizaji wa Kikalenjin aliyaelewaje? Hilo ni swali la mwanafunzi wa isimu na wa uanahabari. Liliulizwa na mawakili, ng'ambo, miaka kadhaa baadaye.

Fikiri lau kabla ya 2007 pangekuwapo wanafunzi katika vyuo vyetu ambao mada zao zilikuwa ndogo na za karibu: mmoja akinasa kipindi cha asubuhi cha idhaa moja kwa majuma mawili na kuchunguza jinsi mtangazaji anavyomjibu mpigaji simu anayewasema majirani kwa methali, mwingine akifanya vivyo hivyo kwa lugha nyingine. Labda wasingezuia lolote. Lakini taifa lingekuwa na ushahidi wa namna watu walivyokuwa wakizungumza hewani katika siku za kawaida, na kwa huo lingeweza kupima maneno ya siku zisizo za kawaida.

Haja hiyo haijaisha. Mnamo Aprili 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno iliyosema yanachochea chuki. Miongoni mwayo yalikuwa "madoadoa" na "hatupangwingwi". La kwanza ni neno la Kiswahili cha kila siku. Chui ana madoadoa, na nguo ya mtoto aliyekula maembe ina madoadoa. Likitamkwa jukwaani katika eneo fulani kuhusu watu wa kabila fulani, huwa ni tishio. La pili ni la Sheng, lililovuma kwa muziki na mikutano ya kampeni. Nani anajua lini neno hubadilika likawa silaha, nalo hubadilikia kinywani mwa nani, mbele ya hadhira gani? Orodha haiwezi kutuambia. Utafiti mdogo wa neno moja, katika mikutano kadhaa na vipindi kadhaa, unaweza. Tume, mahakama na wahariri wanauhitaji utafiti huo kuliko wanavyohitaji tasnifu nyingine kuhusu nafasi ya vyombo vya habari katika maendeleo.

Basi mwanafunzi aipimeje mada yake? Ningemshauri aipitishe katika maswali manne. La kwanza: je, inaishia kwa alama ya kuuliza? Kama haiwezi kuandikwa kama swali, haijaiva. La pili: data ziko wapi, na nitazipata kwa mikono yangu mwenyewe? Anayetegemea kanda za kituo cha redio aende akaulize kwanza kama zipo, kabla ya kuandika hata sura ya kwanza. La tatu: je, inawezekana jibu likawa kinyume cha ninavyodhani? Kama hapana, hakuna haja ya kutafiti. La nne: nina nini ambacho mwingine hana? Inaweza kuwa lugha, mtaa aliokulia, kazi aliyoifanya gazetini, au mjomba aliyekuwa fundi wa mitambo ya redio na ambaye angali hai na kumbukumbu zake.

Asisahau pia sheria na adabu. Utafiti nchini huhitaji kibali cha NACOSTI, na tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, maneno ya watu si mali ya kuokotwa njiani. Yaliyosemwa redioni yamesemwa hadharani. Yaliyosemwa katika kundi la WhatsApp la ukoo hayakusemwa hadharani, hata kama mtafiti ni mmoja wa ukoo huo. Aombe idhini, na ayafiche majina.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Wapo watakaosema kwamba mada ya aina hii ni ndogo mno, na kwamba haitamfaa mwenye kutamani ufadhili wa masomo ya ng'ambo. Jibu langu ni kuwa ng'ambo kuna wataalamu wa kutosha wa nadharia za ng'ambo. Wanachokikosa ni mtu anayeweza kuwaambia kwa uhakika yanayotamkwa Bomet au Homa Bay saa kumi na mbili ya asubuhi. Wengine watasema kuwa mtu akichunguza lugha yake atapendelea watu wake. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni kuziweka data wazi ili mwingine azihesabu upya. Mgeni asiyeijua lugha ana upofu wake pia, tena usioonekana kwa urahisi, kwa kuwa hutegemea mkalimani na hajui alichokosa kuambiwa.

Wasimamizi nao wana wajibu. Mwanafunzi akileta bahari nzima, asirudishwe kwa neno "punguza" pekee. Aulizwe jana alisikiliza nini, kwa lugha gani, na ni kipi kilichomshangaza. Aghalabu mada hupatikana katika jibu la swali hilo la mwisho. Idara zikubali tasnifu za uanahabari zenye data za Kigiriama, Kimeru au Kisomali, na ikibidi ziwape wanafunzi wasimamizi wawili, mmoja wa habari na mmoja wa lugha. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara yake ya saba, inaitaka dola ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za wananchi. Vyuo vya umma ni sehemu ya dola hiyo. Navyo vituo vya utangazaji vihifadhi kanda zao na kuwafungulia wanafunzi milango, maana kinachofutwa leo ili kupata nafasi ndicho kitakachotafutwa kesho kwa machozi.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka mkuukuu, haupendezi machoni, lakini ndio unaolaliwa. Mwanafunzi anayeketi sasa hivi kuandika pendekezo lake auweke kando msala wa kuazima, afungue redio ya nyumbani kwao, achukue kalamu na asikilize kwa nusu saa. Kabla ya muziki wa kufungia kipindi, atakuwa na swali.